Jasura Inayoanzia Kituo cha Mwisho cha Basi: Namna ya Kutoka Mjini na Kurudi Salama

Chukua ramani ya mji unaoishi, tafuta mahali ambapo kila njia ya basi na kila treni ya abiria huishia, kisha tia alama kwenye vituo hivyo vya mwisho. Ukimaliza, tazama kilichopo kati ya alama hizo na ng'ambo yake: mito, misitu, mabwawa, machimbo ya mawe yaliyoachwa, mistari ya kontua iliyobanana kuonyesha kwamba ardhi inapanda ghafla, na pengine njia ya zamani ya reli ambayo haipitwi tena na treni. Miji mingi ilijengwa mahali ilipo kwa sababu ya mto, bandari, kilima cha kujilinda au upenyo kati ya milima, na vitu hivyo havikuondoka mji ulipokua, bali vilizungukwa na nyumba. Kwa hiyo mtu anayetamani jasura hana haja ya kungoja likizo ndefu wala safari ya mbali, kwa kuwa siku moja ya mapumziko inamtosha kufika, kufanya na kurudi.

Ukaribu huo ni shule nzuri kuliko zote. Viatu vikikubana utajua ndani ya saa mbili na utarudi nyumbani jioni hiyohiyo, na wiki inayofuata utakwenda tena ukiwa umerekebisha kosa. Hata hivyo, ukaribu huohuo hudanganya. Mtu ambaye angejiandaa kwa mwezi mzima kwenda kwenye mlima wa mbali hupanda kilima cha nyuma ya mji akiwa na ndala na chupa moja ndogo ya maji, kwa sababu akiwa juu anaweza kuliona paa la nyumba yake. Table Mountain, mlima unaosimama juu ya jiji la Cape Town nchini Afrika Kusini, unaonyesha jambo hili waziwazi: kilele chake kiko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari ilhali mitaa ya jiji inafika hadi miguuni pake, na upepo wa kusini-mashariki unapovuma, wingu jeupe hutanda juu yake na kuifunika njia kwa muda mfupi. Mtu aliyepotea ndani ya wingu hilo hasaidiwi chochote na kule kujua kwamba maduka yako kilomita chache tu chini yake.

Kabla ya kuchagua pa kwenda, uliza ardhi hiyo ni ya nani. Pembezoni mwa mji pana misitu ya hifadhi, vyanzo vya maji vinavyolindwa, mashamba ya watu, na wakati mwingine viwanja vya mazoezi ya jeshi ambavyo havionyeshwi wazi kwenye ramani za kawaida. Machimbo ya zamani huvutia macho, lakini kuta zake hubomoka na maji yaliyotuama ndani yake huwa na kina kirefu na baridi kali chini. Kibali huombwa kwanza, na wenyeji wa hapo huulizwa kabla ya kuingia, kwa sababu wao ndio wanaojua kama njia imekatwa na maji, kama kuna mbwa wakali au nyuki, na kama kuna watu wanaovizia wapita njia. Hatari ya wahalifu ni ya kweli katika misitu inayopakana na miji, na kinga yake ni kwenda mkiwa watu wanne au zaidi, kutoka mapema, na kutoonyesha simu na kamera ovyo.

Anza kwa miguu

Ningemshauri kila anayeanza atembee kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kugusa kamba au kasia, kwa kuwa matembezi ya milimani hufundisha mambo ambayo michezo mingine yote huyahitaji: kupima muda, kusoma anga, kujua nguvu za mwili wako na kukubali kugeuka.

Somo la muda ndilo la kwanza. Mwaka 1892 Mskoti mmoja mkwea milima, William Naismith, aliweka kanuni ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 hivi za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia yako ina urefu wa kilomita 12 na kupanda kwa jumla ya mita 600. Kilomita hizo zitachukua saa mbili na dakika 24, na mpando utaongeza saa moja, hivyo jumla ni saa tatu na dakika 24. Kanuni hiyo, hata hivyo, ni ya mtu mwenye afya anayetembea bila kupumzika katika njia nzuri, kwa hiyo kundi la wanaoanza liongeze karibu nusu ya muda huo na kuhesabu saa tano. Kama jua linazama saa 12 jioni na mnataka kuwa mmeshuka saa nzima kabla ya giza, basi kuanza saa 6 mchana ni kuanza bila akiba hata ya dakika moja, na kuanza saa 3 asubuhi ndiko kunakowapa nafasi ya kuteleza, kukosea njia na kumngoja aliyechoka.

Pamoja na saa ya kuanza, panga saa ya kugeuka, na uitangaze kwa wote mkiwa bado kituoni. Saa hiyo ikifika, mnageuka hata kama kilele kinaonekana mbele yenu. Ni rahisi kukubaliana jambo hili asubuhi, lakini ni vigumu kulitimiza mchana, mtu anaposema kwamba zimebaki dakika 20 tu, na ndiyo maana liamuliwe kabla hamu haijaingia. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma kabisa. Asiachwe peke yake, na wanaomsubiri wasiondoke mara tu anapowafikia, kwa sababu yeye ndiye anayehitaji pumziko kuliko wao.

Kuna mtu mmoja ambaye hatakwenda nanyi lakini ni muhimu kuliko vifaa vyote, naye ni yule anayebaki nyumbani akijua mmekwenda wapi. Mwandikie njia mtakayopita, idadi na majina ya watu, saa mnayotarajia kurudi, na saa ambayo, asipopata habari zenu, ataomba msaada. Mkibadilisha njia, mjulisheni. Watafutaji wanaojua bonde la kuanzia hufika mapema sana kuliko wale wanaoambiwa tu kwamba ndugu yao alitoka asubuhi kwenda milimani.

Begi lenyewe lisiwe zito. Beba maji kwa kadirio la nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kukiwa na joto, chakula chenye chumvi kidogo na cha akiba, jaketi la mvua, nguo moja ya joto, tochi ya kichwani na betri za ziada, filimbi, bandeji na plasta, na simu iliyojaa chaji ikiwa na ramani iliyopakuliwa, ili isitegemee mtandao. Watu hucheka wakiambiwa wabebe nguo ya joto siku ya jua kali, lakini hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na upepo huongeza ubaridi huo. Fulana ya pamba iliyolowa jasho hukauka polepole na kunyonya joto la mwili, kwa hiyo nguo za nyuzi za kisasa au za sufu zinafaa zaidi.

Radi nazo zina hesabu yake. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde 3, hivyo ukiona mwanga na kusikia ngurumo kabla ya kuhesabu 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na umechelewa kuwa kileleni. Shukeni kutoka kwenye mgongo wa mlima, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, na msipande tena hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mkipotea karibu na mji

Hapa ndipo udanganyifu wa ukaribu unapoumiza zaidi, na ndiyo sababu nalitengea jambo hili sehemu yake. Aliyepotea mahali pa mbali hukaa na kufikiri, lakini aliyepotea juu ya mji huziona taa za mitaa, huelekea zile anazodhani ziko jirani, na kukata moja kwa moja kuteremka. Njia haikupinda bure. Kati ya aliposimama na taa hizo kuna korongo, jabali, au bonde la kijito linaloanza kwa upole na kuishia kwenye maporomoko, na giza likishaingia hataweza kushuka wala kupanda tena.

Kwa hiyo, mara tu mnapotilia shaka njia, simameni. Ketini, kunyweni maji, angalieni ramani, kisha rudini nyuma hadi mahali pa mwisho ambapo mlikuwa na hakika napo. Ikiwa hampaoni na usiku umeingia, tafuteni mahali palipokingwa na upepo, vaeni nguo zote, kaeni mmebanana na mngoje asubuhi. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupita pale ambapo sauti inashindwa, na katika nchi nyingi namba 112 huunganisha simu ya mkononi na huduma za dharura. Filimbi haihitaji mtandao wala chaji: ishara inayotambulika milimani barani Ulaya ni milio sita ndani ya dakika moja, kimya cha dakika moja, kisha kurudia, na anayesikia hujibu kwa milio mitatu. Amerika ya Kaskazini milio mitatu ndiyo hutumika kuomba msaada. Muhimu ni milio iwe na mpangilio, ili asikiaye ajue kwamba si mchezo wa watoto.

Mtu akiumwa na nyoka, mtulizeni, mvueni pete na saa kabla uvimbe haujaanza, mfanyeni asiusogeze mguu au mkono ulioumwa, na mfikisheni hospitali haraka. Msichane jeraha, msilinyonye, wala msilifunge kwa kamba ya kukaza.

Ramani, dira na usiku

Baada ya kuzoea njia zenye alama, jaribuni mchezo wa kutafuta vituo kwa ramani na dira, ambapo kila mshiriki hupewa ramani yenye pointi na kuchagua mwenyewe njia ya kuzifikia. Mchezo huu umelelewa pembezoni mwa miji tangu mwanzo, kwani shindano lake la kwanza la wazi lilifanyika mwaka 1897 karibu na mji mkuu wa Norwei, ambao leo unaitwa Oslo. Bustani kubwa au kipande cha msitu wa mji kinatosha, mradi kina mipaka inayoonekana, na ndiyo namna bora niijuayo ya kumfundisha kijana kutotegemea simu. Wanaopenda simu nao wana mchezo wao wa kutafuta vilivyofichwa kwa setilaiti. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo, yanayotumiwa na raia, na siku chache tu baadaye mtu mmoja alificha ndoo yenye vitu vidogovidogo karibu na Portland, Oregon, akatangaza mahali ilipo ili wengine waitafute.

Njia mliyoizoea mchana irudieni usiku mkiwa kundi. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mmoja mkali wa simu huyarudisha mwanzo, hivyo tumieni mwanga mwekundu na dhaifu kila inapowezekana. Chagueni njia isiyo na majabali, na msiongeze jambo lolote jipya usiku huo.

Baiskeli

Kwa baiskeli nitasema machache, kwa kuwa wengi tayari wanaijua. Barabara kuu ya kutokea mjini ndiyo mbaya kuliko zote, na ni afadhali kubeba baiskeli kwenye treni inayoruhusu hadi kituo cha mwisho, kisha kuanzia huko. Njia za reli zilizoachwa zinafaa sana kwa wanaoanza, kwa sababu treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, na kwa hiyo waliozijenga walisawazisha vilima na kuziba mabonde ili mteremko uwe mdogo. Beba tyubu ya akiba, pampu na vifaa vya kuvulia tairi, na ujifunze kuvitumia ukiwa nyumbani. Vaa kofia ngumu, weka taa mbele na nyuma, na kwenye mteremko wa changarawe punguza mwendo kabla ya kona wala si ndani yake.

Majini

Maji yanahitaji heshima kuliko mlima. Kwenye mlima kosa hukupa muda wa kulifikiria, ilhali majini linaweza kumaliza kila kitu ndani ya dakika chache. Anza kwenye bwawa au ziwa tulivu, ukiwa na mwalimu, na jaketi okozi livaliwe na kufungwa kabla ya kuingia kwenye kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kasia, si kukaliwa kama mto wa kiti. Hata anayejua kuogelea alivae, kwa sababu maji ya baridi, hasa yaliyo chini ya nyuzi 15, humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila kutaka mara tu anapotumbukia, na pumzi hiyo ikivutwa uso ukiwa chini ya maji, huvuta maji. Ukianguka, usipambane mara moja. Lala chali, elea, ngoja kupumua kutulie kwa dakika moja au mbili, kisha ndipo urudi kwenye chombo.

Tazama upepo kabla ya kutoka. Nenda kwanza kinyume nao ili ukusukume wakati wa kurudi umechoka, na upepo ukiwa unavuma kutoka nchi kavu kuelekea katikati ya maji, usitoke kabisa, hata kama ukingoni maji yametulia kama kioo, kwa kuwa mawimbi yanaanza mbali kidogo na pwani na wewe unasukumwa kuyaendea.

Mto unaopita mjini una tabia yake. Lami, saruji na mapaa hayanywi mvua, hivyo maji yote hukimbilia mtoni kwa pamoja na mto hujaa kwa kasi kubwa kuliko mto wa msituni, hata pale mvua iliponyesha juu tu na wewe uko chini kwenye jua. Maji hayo huja na uchafu wa mifereji na mkojo wa panya, ambao hueneza homa ya leptospira kupitia michubuko ya ngozi. Baada ya mvua kubwa subiri siku mbili au tatu kabla ya kuingia, funika vidonda kwa bandeji isiyopitisha maji, na usimeze maji ya mto. Maji ya kasi yanayofika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, kwa hiyo usivuke kwa miguu mto uliojaa.

Kuna kitu kimoja ambacho mwenye kayaki akione kwa mbali na kutokea ukingoni: ukuta mfupi uliojengwa kukatiza mto. Unaonekana mpole, pengine hauzidi kimo cha mtoto, lakini maji yanayoanguka chini yake hujikunja na kurudi ukutani, na kila kinachoingia humo, gogo au mtu, huzungushwa papo hapo bila kuachiwa. Beba chombo mkononi, pita pembeni, uingie tena chini kabisa ya eneo hilo. Mito ya maji ya kasi hupangwa kwa madaraja kuanzia I hadi VI, na anayeanza abaki kwenye daraja la I na la II.

Kwa miji ya pwani, adui ni mkondo unaorudi baharini kwa nguvu kupitia pengo kati ya mawimbi. Ukinaswa, usishindane nao kuelekea ufukweni. Ogelea sambamba na ufuko hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi, na ukichoka elea huku umeinua mkono kuomba msaada.

Miamba na kamba

Kukwea miamba hakujifunzwi kwa kutazama video. Tafuta ukuta wa mazoezi wenye mwalimu, jifunze fundo la nane, yaani lenye umbo la namba 8, jifunze kumshikia mwenzako kamba hadi mikono yako iifanye kazi hiyo hata unapochoka, na ndipo mwende mwambani pamoja na mzoefu. Kabla ya kila kukwea, anayekwea amkague mshika kamba, na mshika kamba amkague anayekwea: mkanda umefungwa, fundo limekamilika, karabina, yaani pete ya chuma yenye mlango inayounganisha kamba na mkanda, imefungwa. Mkaguano huu unafanywa hata mara ya mia moja, kwa maana aliyezoea ndiye anayeacha fundo nusu akiwa anazungumza. Wakati wa kushuka kwa kamba, funga fundo kwenye ncha zote mbili ili usitelezee nje ya mwisho wake, jambo ambalo limewaua hata wakweaji mahiri. Kofia ngumu ivaliwe pia na waliosimama chini, kwani mawe hayachagui.

Usiku mmoja nje

Hatua ya mwisho ni kulala huko. Fika mahali pa kambi saa mbili kabla ya giza ili uone unapolala. Usipige hema kwenye mkondo mkavu wa maji wala chini ya matawi yaliyokufa, na kaa angalau mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa, ili wanyama wafike kunywa na uchafu wako usifike majini. Kinyesi kifukiwe kwenye shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, kwa umbali uleule. Pikia jiko dogo badala ya moto wa kuni, hasa kiangazi, na usiingize jiko la aina yoyote wala makaa ndani ya hema hata baridi iwe kali namna gani, kwa kuwa hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu na huua waliolala.

Asubuhi kunja hema, tembea mara moja kuzunguka mahali pote mlipokuwa, na uokote hata vijikaratasi ambavyo si vyenu. Kisha shukeni kwa njia ileile mliyoijia, na mkifika kituoni, kabla hamjapanda basi, mtumieni ujumbe yule mliyemwachia saa ya kurudi.